Anua Kwanza, Nuna Baadaye

Eindhoven, Uholanzi
Ijumaa, baada ya sala

Kwa kaka yangu Hamad, Gando.

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mkeo Riziki na watoto, na kile kikohozi chako cha msimu wa karafuu kiwe kimekupa nafasi ya kupumua. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillah. Roho ndiyo haijatulia, na aliyeivuruga ni wewe.

Nimekuamkia kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, hata mwenye hasira huamkia. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe una dawa yako moja: ukibanwa tu, "mtandao mbaya, sikusikii," halafu kimya. Barua haikatiki. Nimempa mama mmoja wa Tibirinzi tunayesali naye huku, anakuja kuwaona wazee wake, na ameniahidi kuifikisha mkononi mwako mwenyewe.

Juzi nilimpigia Mama. Nikasikia anaishika simu kwa taabu, mara inaanguka, mara naisikia inasugua nguo. Nikamuuliza ana nini. Akasema mkono umefungwa plasta, kapelekwa Chake Chake, hakuna la kutisha.

"Nimeteleza tu, mwanangu. Uzee huno."

"Umeteleza wapi?"

Simu ikasugua nguo tena. Kisha akasema, "Uwanjani kwa Bi Time."

"Ulifuata nini kwa Bi Time?"

"Mvua ilikuja, na mwenyewe kaenda mazikoni. Majamvi yake ya karafuu yote nje. Nkaenda kuanua."

"Na Hamad alikuwa wapi?"

Kaka, Mama akaanza kuniambia hanisikii vizuri, nikadhani na yeye kajifunza ile dawa yako ya mtandao. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeona haya yeye badala ya mwenye kosa: "Alikuwako barazani. Kanambia, rudi Mama, hizo si zetu."

Barazani! Mtu mzima, mabega kama mlango, umekaa na kikombe cha chai unatazama karafuu zikirowa, na mama yako mwenye magoti mabovu anaburuta jamvi peke yake kwenye matope! Aliokoa moja. Matano yalirowa, karafuu zikavimba, zikapauka, na kazi ya jirani yetu mjane ya msimu mzima ikawa taka. Mama akavunjika mkono. Na wewe chai yako ulimaliza, bila shaka.

Kila siku unaniuliza kazi yangu huku ni kazi gani, na mimi nakujibu "kompyuta" ili yaishe. Leo nitakueleza, kwa kuwa kazi yangu na baraza lako vimekuwa jambo moja.

Tunatengeneza misumeno ya umeme ya mafundi seremala. Msumeno wetu una kifaa kinachohisi kidole. Kidole kikikaribia meno, meno yasimame kabla ngozi haijakwaruzwa. Ndani mna kompyuta ndogo, na kompyuta hiyo ina shughuli nyingi: inapima joto, inaandika kumbukumbu, inaonyesha namba kwenye kioo, na isipokuwa na kazi inasinzia ili isile umeme. Kuna kiini cha programu kinachogawa zamu zote hizo. Sisi tunakiita kaneli. Mimi naandika kipande kinachokaa ndani ya hiyo kaneli, tunakiita draiva, na kazi yake ni kukiambia kile chombo, yaani hiyo kompyuta ndogo: kuanzia sasa ingia katika hali ya papo hapo. Maana yake usisinzie tena, na kidole kikija, wacha chochote ulichoshika, simamisha meno, kisha rudi ulipokuwa. Si haraka, kaka. Haraka hata mzembe anayo siku moja moja. Hii ni kutochelewa hata mara moja.

Siku ya kuanza, mkuu wetu aliniuliza mbele ya watu kama nimeelewa kinachotakiwa. Nikamwambia hiki nimekielewa kabla sijajua kusoma. Nikawasimulia Baba.

Unakumbuka, maana ulikuwapo. Baba na Mzee Faki, mume wa Bi Time, waligombana kwa ule mkarafuu wa mpakani, wakakaa miaka hawaamkiani. Siku ile Baba alikuwa ananyoa ndevu pale dirishani, upande mmoja umeshanyolewa, upande wa pili povu jeupe. Tone la kwanza likagonga bati. Uwanja wetu ulikuwa mtupu, sisi tulishaanua tangu asubuhi. Majamvi yalikuwa ya Mzee Faki. Baba alitupa wembe, akatoka mbio na povu lake. Akashika ncha moja ya jamvi, Mzee Faki akashika ya pili. Hawakusemezana ila "inua" na "shusha." Yalipokwisha yote, Baba akarudi dirishani, akanyoa upande uliobaki, na kesho yake akampita Mzee Faki njiani kama anapita mgomba.

Ni wewe uliyemuuliza, si mimi. "Baba, si mmegombana?" Naye akakujibu: "Tumegombana, na ugomvi wetu uko pale pale. Ugomvi utangoja, mwanangu. Mvua haingoji."

Wale watu walicheka mpaka wakapiga meza, kisha wakaona kuwa somo lote la papo hapo limo humo: acha, hudumia, rudi ulipoachia, na usiulize ni za nani. Wakaandika ubaoni jina la kijiji chetu. Asubuhi mtu akitaka kuniuliza draiva imefika wapi, ananiuliza, "Gando vipi?" Nami nikatembea huku kichwa juu, kaka. Sikufichi, nilijiona mtu mwenye kwao.

Kisha ikaja karoti. Hatujaribu kwa vidole vya watu, tunajaribu kwa karoti. Anayejaribu ni Willem, fundi seremala mzee, mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Anasukuma karoti, meno yanasimama. Tena, yanasimama. Siku nzima karoti zinatoka salama, na tukala supu ya karoti mpaka tukachoka nayo. Alasiri moja karoti ikatoka vipande viwili.

Mkuu akatazama saa, akasema ni mara moja tu kati ya mara zote zile, na maonyesho yako karibu, na hata hivyo ni karoti. Nikahisi damu inanipanda. Kabla sijafungua mdomo Willem akauweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, mbele ya mkuu, akasema, "Hii nayo ilikuwa mara moja tu." Nikapewa wiki mbili za kulitafuta kosa.

Kosa lilikuwa langu, na sikulipata upesi, maana ni kosa la mtu wa kwetu. Draiva yangu ilikiandikia chombo amri ya kuingia papo hapo, chombo kikajibu "haya," nami nikaendelea na mengine. Kwetu mtu akipiga ukelele wa mvua na jirani akaitikia "haya," nani anageuka kutazama kama kweli kainuka? Aliyeitikia keshashika jamvi. Basi nami nikaiamini ile haya. Kumbe haya ya chombo kile ilikuwa "nimesikia" tu, wala si "nimefanya." Mara nyingi kiliinuka. Lakini amri ikikikuta katikati ya usingizi, kiliitikia, kikaiweka amri kando, kikalala tena. Nikabadilisha. Sasa nikishaandika nasoma tena, na sitoki hapo mpaka nimeona kwa macho yangu kuwa kimeamka. Willem amesukuma magunia ya karoti tangu hapo na haijakatika hata moja.

Willem huyohuyo ndiye aliyetaka kisa cha Baba kiingizwe kwenye kitabu cha maelezo, ili atakayekuja kuigusa draiva ile baada yangu ajue kwa nini hairuhusiwi kuchelewa. Nikakiandika. Jumatatu iliyopita nikaletewa karatasi niisome na kuipitisha. Imeandikwa hivi: "Katika kijiji cha Gando, mvua ikitonya, hakuna anayeuliza karafuu ni za nani."

Siku mbili baadaye ndipo nikampigia Mama.

Karatasi iko mezani kwangu mpaka sasa, kaka. Nimeshindwa kuipitisha, maana yuko aliyeuliza. Aliyeuliza ni mtoto wa mtu yule aliyetoka mbio na povu mashavuni, na jibu alijipa mwenyewe: si zetu. Kila asubuhi watu wananiuliza "Gando vipi?" nami nayaangalia matundu ya viatu vyangu. Umenifanya muongo mbele ya watu ambao hawajawahi hata kukuona.

Najua utakachosema. Utasema fimbo ya mbali haiui nyoka, kwamba mimi niko Ulaya sijui mnavyoishi tangu uchaguzi. Utasema Makame, mwanawe Bi Time, ni mtu wa chama kile, na yeye ndiye aliyekukatalia barua ya kitambulisho pale ofisini kwa sheha anakofanya kazi, ukazungushwa njoo kesho njoo keshokutwa mpaka siku ya kura ikapita. Najua, na naijua kwa uchungu. Ni dhulma, na sikwambii uisahau. Nikimkuta Makame nitamwambia mwenyewe, tena mbele ya watu. Utasema pia kuwa wenzako wa chama mmekubaliana kuwasusia, hakuna kuazimana, hakuna kuamkiana, hakuna kuzikana.

Lo! Kuzikana! Na siku tuliyomzika Baba, nyinyi mko makaburini, sisi wanawake tumejifungia na msiba ndani, nani aliyeanua karafuu zetu? Zilikuwa majamvi manane. Mliporudi mliyakuta yamekunjwa kwenye baraza hilohilo unalokalia kunywa chai, na Bi Time amekaa kando yake amerowa mpaka kichwani. Hakuuliza sisi ni wa chama gani. Na Mzee Faki alikuwa bado na ugomvi wake na Baba, maana Baba aliondoka bila kuumaliza, Mungu awarehemu wote wawili.

Sikuombi upatane na Makame. Mshitaki, mnunie, mpite kama mgomba, mpigie kura ya kumwondoa ukipata hicho kitambulisho. Ugomvi ni wako na una haki nao. Lakini anua kwanza! Chama gani hicho kisichoweza kungoja dakika kumi za mvua? Na aliyekosa ni Makame. Karafuu ni za mamake. Ulimlipiza mtoto kwa jamvi la mjane, na mkono uliovunjika ukawa wa mama yako wewe. Nimeipima hesabu hii kwa kila upande, sioni ulichoshinda.

Nataka uende kwa Bi Time. Usimtume Riziki wala mtoto. Nenda wewe, mchana, watu wakuone, na wenzako wa chama wakuone pia. Mwombe radhi. Karafuu zako za vuli hii mchukulie majamvi matano, uyatandaze uwanjani kwake kwa mikono yako. Na mvua ikija, uwe wa kwanza kufika.

Wala usinijibu "haya," kaka. Haya yako naijua tangu utotoni, unaitoa kabla mtu hajamaliza kusema. Nilishaiamini haya moja msimu huu, ikakata karoti. Mvua ya kwanza itakayokuta majamvi nje, sitakupigia wewe. Nitampigia Bi Time, nimuulize aliona miguu ya nani uwanjani kwake. Karatasi yangu itakaa hapa mezani mpaka anijibu, na mkuu wangu akiniuliza kwa nini nachelewa, nitamwambia namngoja kaka.

Nisalimie wote. Mama mbusu mkono ule mzima na umwambie plasta isitiwe maji, na kwamba simkasirikii kwa kunificha, ingawa namkasirikia kidogo. Wifi yangu Riziki mwambie ushungi aliouomba umo ndani ya mfuko huu huu wenye barua. Ami Shaame, mdogo wake Baba, mpe shikamoo yangu, na umsomee barua hii yote, usirukie mahali. Watoto wote wabusu paji la uso.

Na Bi Time, jirani yetu, salamu zake nimeziacha za mwisho makusudi, kwa sababu hizo hazipelekwi na mtu mwingine. Utampa mwenyewe ukiwa umesimama mlangoni kwake.

Wasalaam.

Mdogo wako, mwenye heshima yake na hasira yake, na hasira itangoja,

Mize