Kivuli Kimoja Hapa Bondeni

Jumamosi, katikati ya Novemba. Saa kumi na moja jioni, na saruji ya uani bado inaunguza nyayo.

Naandika nimesimama. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Asubuhi yote nimezunguka nyumba hii mpaka mtoto aliyeko tumboni amechoka, ananipiga teke kama anasema mama, tulia basi. Nitulie wapi? Bati juu, saruji chini, mimi katikati naiva.

Watu wanasema Kyela ni joto tangu zamani, unalia nini leo. Sawa. Lakini mwezi uliopita nilikuwa Mwaya kwa wakwe, mchana, jua ni hilihili, na chini ya migomba nilikaa vizuri tu, nikasinzia. Nikapanda bodaboda kurudi. Tulipoingia mjini, pale mabati yanapoanza kubanana na lami, hewa ikanijia usoni kama nimefunua sufuria la wali.

Na hapa nyumbani joto nimelileta mwenyewe. Tuliponunua kiwanja hiki kilikuwa na miti minne ya kokoa, na migomba nyuma ya jiko. Lakini masika ya Kyela si mchezo. Matope mpaka mlangoni, majani nafagia asubuhi, nafagia jioni. Nikamsumbua mume wangu Ambakisye mwaka mzima: kata, mwaga saruji, na sisi tukae kama watu wa mjini. Akakata, akamwaga. Nikapiga picha nikaiweka hapahapa kwenye blogu, mkanipongeza.

Nilifurahi mpaka jua la Oktoba lilipofika.

Kilichobaki ni mparachichi wa jirani, ambao umeinamia ukuta wetu na kutugawia kivuli kimoja. Hata hicho si chetu.

Wiki mbili zilizopita akaja baba mkwe kutoka Mwaya. Ana sukari, na kidonda mguuni kinachotakiwa kusafishwa hospitali kila siku. Daktari hakuficha: kikiachwa, mguu unakatwa. Naye ni mtu wa mpunga, maisha yake yote yako shambani.

Kwa wasiojua mila zetu Wanyakyusa: mimi na baba mkwe hatukutani. Simtazami, simsemeshi, hatukai pamoja, simtaji jina. Hata hapa jina lake siandiki. Hasomi blogu, lakini vidole vyangu vinakataa. Wengine siku hizi wameacha, familia yetu bado, na sijawahi kuona taabu yake. Kule Mwaya akipita njia hii mimi napita ile, migomba inatuficha, kila mtu na kivuli chake. Mila ile iliwekwa na watu wenye miti.

Basi kivuli nikampa mgeni. Ningefanyaje? Kiti chake kikawekwa pale, mimi nikabaki jikoni na bati langu. Juzi Alhamisi nikaona kizunguzungu, nikashika meza, sufuria likaanguka kwa kishindo. Nikajikaza. Sikumwambia mtu, hata Ambakisye.

Jana jioni Ambakisye alirudi kutoka kazini mpakani, uso umemshuka. "Baba anasema Jumatatu anarudi Mwaya," akaniambia.

"Na kidonda?"

"Anasema joto limemshinda. Nimembembeleza mpaka nimechoka."

Niseme ukweli, maana hapa ndipo ninaposema ukweli. Nilishtuka. Halafu, kwa dakika moja hivi, nikawaza: haya, aende, nipate pa kukaa. Nilimwazia hivyo mzee ambaye mguu wake uko hatarini. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo nilivyowaza.

Leo saa saba mchana, Ambakisye yuko kazini, nikachungulia dirishani. Kivulini hakuna mtu. Kiti kimeondolewa. Mahali pake pametandikwa mkeka, na juu ya mkeka kuna mto. Kuku wetu mwekundu kajilaza pembeni, mabawa kayatanua, hana habari.

Nani katandika? Nyumbani tulikuwa wawili tu.

Nikampigia Ambakisye. "Baba alikuuliza chochote juu yangu?" "Aliuliza una miezi mingapi," akasema. "Juzi Alhamisi. Kwani kuna nini?"

Loo! Kumbe alisikia sufuria. Amejifungia kwenye chumba cha uani, kile cha bati ambacho mchana hakikaliki kwa joto, ili mimi nitoke nje nipate hewa. Na Mwaya anarudi kwa sababu hiyohiyo. Mimi jikoni najipika kwa ajili yake, yeye chumbani anajipika kwa ajili yangu, na kivuli kinatumiwa na kuku.

Nikacheka, kisha nikalia. Kisha hasira zikanipanda, hasa juu ya saruji yangu.

Nikachukua kitenge, nikakifunga kutoka kwenye nondo ya ukuta mpaka kwenye nguzo ya kamba ya nguo, kikagawa kivuli katikati. Mkeka upande huu. Kiti chake kilikuwa mlangoni kwake, nikakikwapua nikakiweka upande ule. Nikakaa, nikakohoa.

"Wewe kuku," nikasema kwa sauti, "mwambie mgeni kiti chake kipo tayari."

Sauti ikatoka chumbani: "Kuku, mwambie mwenye nyumba mimi huku sijambo."

"Kuku, mwambie mgeni asipotoka, na mimi narudi jikoni. Na mjukuu wake namrudisha jikoni."

Fimbo ikagonga saruji, taratibu, ikakaribia. Kiti kikalia. Chini ya pindo la kitenge nikaona bandeji, nikageuza uso haraka.

"Ndaga, kuku," akasema. Asante.

Tulikaa hivyo mchana mzima. Kivuli kilikuwa kinahama, maana jua halingoji mtu. Mara moja nikaona ile bandeji iko juani na mwenyewe hasemi kitu, katulia tu. Nikavuta mkeka nyuma, nikasogeza kitenge. Akasogeza kiti. Mpaka saa kumi tulikuwa tumehama mara nne.

Alipoinuka kuingia ndani akasimama kidogo upande wake.

"Kuku, mwambie mwenye nyumba Jumatatu siendi. Naenda kusafisha kidonda. Na hiyo kona ya ukuta, saruji ivunjwe. Nitaagiza mche wa kokoa kutoka nyumbani."

"Ndaga, baba," nikajibu.

Moja kwa moja. Nilimsahau kuku kabisa! Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Sijawahi kumsemesha tangu niolewe. Fimbo ikagonga saruji, ikagonga, ikafika mlangoni kwake, ikasimama.

"Kuku wa mjini," akasema, "anasema vizuri sana."

Mlango ukafungwa. Mimi bado nimesimama hapa na simu mkononi, sijui nikae wapi. Nyundo ya Ambakisye ipo chini ya kitanda. Kesho tukitoka kanisani naanza na ile kona.