Reti ni Nani

Jumatatu, 10 Novemba

...na bado onyo ni lile lile. Mstari wa tisa. Kompyuta inasema pale pana lebo, yaani jina la mahali ndani ya programu, imekaa peke yake bila nukta mbili. Sikuandika lebo yoyote pale. Programu yenyewe fupi: iandike HAJI, irudi, itulie. Jina la mume wangu, nani atanikataza? Miezi miwili ya ndoa na bado nikiliandika natabasamu peke yangu. Macho yananiuma.

Jumanne, 11 Novemba

Haji kapiga simu kutoka Nungwi, anakopika hotelini. Sauti yake tu inanilegeza. Nimemweleza: Alhamisi Bi Salma, mwalimu wetu, anakagua zoezi. Atakayeshindwa anatoka darasani. Nikitoka, nahamia kwake Nungwi. Nikifaulu, nabaki hapa Jang'ombe kwa mama yake mpaka masomo yaishe Machi. Akasema nimalize masomo. Sikupenda alivyolisema haraka. Nampenda mno.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeweka nukta mbili. Onyo limetoweka. Nikaiendesha: inaandika HAJI, kisha inakatika vibaya. Mara kumi. Nimechoka hadi mifupa.

Mama mkwe kapita na chai, akasimama mlangoni. "Kumbe bi harusi ana mume wa pili, na huyu wala hampikii."

Nikacheka. Kisha nikaenda kulia chooni. Moyo unaniambia nishindwe tu, niende kwa mume wangu. Naona haya kuandika hili.

Alhamisi, 13 Novemba

Bi Salma kaweka ukucha kwenye mstari wa tisa. "Reti ni nani?"

"Naam?"

"Huyu Reti. Na nukta mbili umempa."

Darasani sote tunasema "reti", amri ya kurudi ulikotoka. Nimeiandika ninavyoisikia. Kumbe ni ret, haina i mwishoni. Kompyuta haikuijua, ikadhani ni jina. Nami kwa nukta mbili zangu nikaihakikishia kuwa ndiyo, ni jina. Amri ya kurudi haikuwepo, ndiyo maana ilikuwa inakatika.

Akanipa dakika tano. Ningeweza kuziacha zipite, nihamie Nungwi. Nikaufuta ule mstari, nikaandika ret. HAJI. Ikarudi, ikatulia. Nimefaulu.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimelala mpaka saa nne asubuhi. Kabatini limebaki shati lake moja, nimelivaa. Basi, mpaka Machi. Sijuti. Ila namkosa, na kumkosa kunachosha kuliko kompyuta. Kabla mwezi huu haujaisha nitakwenda Nungwi, hata kwa siku moja.