Gunia la Mama Bhoke

Jumatatu, 7 Julai
Kijiji cha Nyarero, utafiti wa chuo. Chai, mihogo, kisha kuhesabu wadudu, fukusi, kwenye mahindi. Marwa, mwenzangu wa mwaka wa tatu, ameshaandika sura ya matokeo. Gunia la jaribio hata hatujalifunga. Anasema matokeo ya mwaka jana yapo kwenye desa, notisi za kunakili alizoachiwa na waliotangulia, atabadilisha jina la kata tu. Mbumbumbu mwenye laptop.

Alhamisi, 10 Julai
Rhobi, mwenzetu mwingine, "amesoma" makala kumi na mbili asubuhi moja. Mwanzo na mwisho, katikati anaruka kama mbuzi. Halafu anaandika maneno makubwa asiyoyajua. Nawadharau wote wawili. Wala siwafichi.

Gunia limefungwa leo. Ni la mwenyeji wetu, Mama Bhoke, moja kati ya mawili aliyobakiwa nayo mpaka mavuno. Alitaka kuyaanika tena mahindi siku mbili. Nikamwambia hakuna haja, utafiti unasema kuyachanganya na majivu kunatosha kuzuia fukusi. Nikamwonyesha makala kwenye simu. Nilijisikia msomi.

Jumanne, 29 Julai
Marwa kamaliza sura ya mjadala. Anajadili nini? Upuuzi. Mama Bhoke anasema gunia linanuka. Nimemwambia avumilie, wiki tano za jaribio hazijatimia.

Alhamisi, 14 Agosti
Tumefungua. Uvundo. Mahindi yamekuwa unga, fukusi wanatembea juu ya majivu bila wasiwasi. Mama Bhoke akachota kiganja, akapuliza, akanitazama.

"Mwanangu, ile makala ya kwenye simu uliisoma yote?"

Nikasema ndiyo. Marwa na Rhobi wakatazama pembeni. Afadhali wangecheka.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimeisoma. Kurasa tisa. Ukurasa wa tatu, kwenye mbinu: mahindi yaanikwe kwanza mpaka punje ilie kwenye meno. Ndicho alichotaka kufanya Mama Bhoke. Mimi niliishia kwenye muhtasari, huku namcheka Rhobi. Najichukia.

Marwa anasema tutumie matokeo yake ya desa, msimamizi hasomi mpaka huko. Nimekataa. Tutaandika kilichotokea, na aliyekosea ni nani.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimemwamkia Mama Bhoke, nikamwambia ukweli. Akatandika turubai.

Tumechambua kutwa. Yaliyopona hayajai hata ndoo mbili. Alasiri akanipa punje moja, nikaitafuna. Laini bado. Kesho tunaanika tena.