Nani Kafungua Bahari

Jumatatu, 14 Julai 2025
Chome, milimani Upare. Miaka arobaini na sita tangu nitoke Kipumbwi, kwetu pwani. Ukungu tangu alfajiri. Sweta mbili. Chai ya tangawizi, kisha mjukuu wangu Neema na kitabu chake. Ni kile cha picha, cha familia inayoishi ufukweni. Nilisomewa, nikawasomea wanangu, sasa yeye. Jalada limeshonwa kwa uzi.

Leo tulifika ukurasa ambao bahari imekupwa, mama na watoto wanaokota kombe za baharini kwenye matope. Neema akauliza nani kafungua ndiva. Ndiva, bwawa letu la kumwagilia, hujazwa usiku, asubuhi mwenye zamu hulifungulia shamba lake. Kwake hakuna maji yanayoondoka bila mtu kuyafungua. Nikafungua ukurasa mwingine. Mwalimu mzima.

Jumanne, 15 Julai
Dada yangu Mwanahawa kapiga simu kutoka Kipumbwi. Nyumba ya baba imeezekwa upya, chumba cha uani ni changu. Jumapili mwanawe atapita Same na gari akitoka Moshi. Nishuke na mke wangu Nakiete, tukakae moja kwa moja.

Nimefurahi kama mtoto. Tuliahidiana na Nakiete tangu nikiwa mwalimu mgeni hapa: nikistaafu, tunakwenda kwetu. Nimestaafu zamani.

Nakiete kasema, "Haya, twende." Akaendelea kuchambua maharage.

Jumatano, 16 Julai
Neema kapeleka kitabu shuleni. Jioni uani pamejaa watoto.

"Shikamoo babu! Eti kwenu bahari mnafungua kwa zamu?"

Nilicheka hadi nikakohoa. Nikaeleza kupwa na kujaa, kwamba mwezi ndio unaoyavuta maji. Hawakukubali hata kidogo.

"Babu anatupiga kamba. Mwezi una mikono?"

Wameondoka wakinihurumia.

Ijumaa, 18 Julai
Nimepanga vitabu sandukuni. Nimevipangua. Nakiete kauliza kama huko sweta zinafaa kitu. Nikasema hazifai. Akaziweka kando, zake na zangu, za kugawa.

Sina raha. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 19 Julai
Zamu yetu ya maji. Tulikwenda wote, Neema na kundi lake nyuma. Nikazibua ndiva. Maji yalipokwisha, Neema akavua viatu. "Imekupwa!" Wote wakaruka ndani kutafuta kombe. Wakapata konokono, kijiko, ndala moja ya kushoto. Kila kitu kililetwa kwangu nikitaje jina. Nilikunja suruali, nikaingia. Baridi ya matope ilinipanda hadi kwenye meno. Nilicheka kama mmoja wao.

Mzee Mbwambo, msimamizi wa maji, akatokea juu ya ukingo. "Mwalimu! Hata wewe?"

Nikamjibu kwa Chasu, lugha ya hapa, kwamba navua pweza. Jina la pweza kwa Chasu silijui, nikasema buibui wa maji. Akauliza kama analiwa. Nikasema kwa nazi. Akatema mate.

Kisha Nakiete akaingia naye, sketi kaipandisha magotini, kanishika bega asiteleze.

"Kwenu ni hivi kila siku?"

"Mara mbili kwa siku."

"Basi nitazoea."

Alisema kwa moyo mmoja. Angekwenda. Angeacha kaburi la mama yake, dada zake, shamba, baridi yake anayoipenda, na asingenilaumu kamwe. Nikamtazama, matope hadi mapajani, na hapo hapo nikajua sitaki. Si kwa kumhurumia. Sitaki mimi. Nilikuwa natamani familia ya kwenye kitabu, na nimesimama nayo.

Nimemwambia hatuendi, tukiwa njiani kurudi. Mbele kidogo akaanza kunisema kwa kuchafua suruali nzuri.

Jumapili, 20 Julai
Nimempigia Mwanahawa asubuhi.

"Wapare wamekuroga, kaka."

"Waliniroga zamani."

Akacheka. Kisha akalia kidogo, nami pia. Nimemwambia chumba ampe mwanawe. Kijana kapita Same saa nne, kapokea maharage na ndizi tulizoteremsha kwa bodaboda.

Ukungu umeondoka mchana. Kutoka barazani naona tambarare yote chini, kavu, ya kahawia. Nakiete kalala kidogo. Kipumbwi wako salama.

Sitarudi.