Karatasi Nyingi, Jibu Moja

Jumatatu, 9 Juni
Karatasi nimeiweka kabla ya paredi, kama kawaida. Madam Chebet hutuachia swali la fizikia jioni. Asubuhi tunatia majibu kwenye katoni tupu ya kupakia maua, bila jina. Anayasoma, kisha anafundisha pale tulipokwama. Hiyo ndiyo naipenda. Darasani mdomo wangu hufunga, lakini kalamu haiogopi mtu.

Swali la kesho: maji yanayochemka na mvuke wake vina joto sawa. Mbona mvuke unachoma zaidi?

Jumanne, 10 Juni
Jana anko, anayefanya kazi Olkaria kwenye umeme wa mvuke, alinipa jibu la kitabu: joto fiche. Nikaandika. Sikuelewa kitu.

Brenda wa deski yangu akachungulia. "Ala! Kumbe bubu ana madini! Leta hapa." Karatasi ikazunguka darasa zima, kila mtu akanakili.

Madam akaingia na majibu yetu, anacheka. "Watu wangu, joto fiche mnalo! Tunasonga mbele." Akafuta ubao. Na mtihani ni Ijumaa.

Nikafungua daftari kama wengine. Mwoga mimi.

Jumatano, 11 Juni
Hesabu za joto fiche. Hakuna aliyepata hata moja. Madam akatuangalia. "Si mlinijibu nyinyi wenyewe?"

Brenda akanipiga kiwiko. "Usithubutu, Achieng. Tutapewa adhabu ya kufyeka nyasi sisi wote."

Nimemkasirikia. Nimejikasirikia zaidi.

Alhamisi, 12 Juni
Niliandika: "Madam, majibu yote ya Jumanne yalikuwa jibu langu, na langu lilikuwa la anko. Hatujaelewa." Nikaweka jina.

Hakunitaja. Alikuja na jiko la gesi, sufuria na themometa. Maji yakachemka. Themometa ikasimama kwa tisini na nne, hata mia haikufika, sababu tuko nyanda za juu. Moto unawaka, themometa haisongi.

"Huo moto wote unaenda wapi?"

Nikainua mkono. Mimi!

"Unaingia kwa mvuke, Madam. Mvuke unaubeba."

"Na ukigusa ngozi yako?"

"Unageuka maji. Mzigo wote unauacha hapo."

Nilielewa nikiwa katikati ya sentensi. Sijawahi kusikia sauti yangu ikiwa kubwa hivyo.

Ijumaa, 13 Juni
Mtihani umeisha. Mvuke ulikuwa swali la tatu. Nimejibu kwa maneno yangu.

Mchana Brenda hakunisalimia. Alisimama kando ya benchi yangu na sahani yake ya githeri.

"Sogea basi."

Nikasogea. Tukala.