Ati Matango ya Sokoni!

Sadoki, sikuwa na mtaji, sikuwa na bwana shamba, hata nailoni ya banda langu la kuoteshea mboga ni ya kuungaunga. Na bado matango yamezaa, hapa Kizwite, Juni, na baridi hii!

Leo nimeyapeleka jumuiya, sadaka ya mavuno. Salome mwenyekiti akayashika, akacheka: "Baba Alois, haya umenunua sokoni."

Mbele ya watu wote! Umenunua sokoni! Mimi!

Mke wangu akaninong'oneza, "Yaishe." Yaishe? Nyuki hawaingii bandani, maua nimeyachavusha kwa mkono, moja moja!

Nimemwandikia Salome barua: sala ijayo ni kwangu, bandani humo humo, kila mtu achume lake.

Bahasha nimeibandika gundi. Fransiska, huyo huyo wa "yaishe", ameshaipeleka.