Faili Lilisema Bado Uko Ndani

Mzee Wekesa,

Nimekaa nikasimama, nimekaa tena. Tangu turudi Eldoret kutoka kukuzika kule kwenu, sijatulia. Nikipika naunguza. Nikipanda boda nasahau kumwambia dereva naenda wapi, hadi aniulize, "Madam, tunaenda ama tunazunguka tu?"

Siku ile uliinuka mezani ukishika kifua, ukaniambia, "Atieno, acha hivyo hivyo, narudi." Ukaanguka kwenye ngazi, na jioni haikukukuta. Basi tukaacha hivyo hivyo. Mama Robai anayetufagilia alifunika kompyuta yako kwa leso, akasema vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaishe na watu wanyolewe. Nani angembishia? Hata stima ilipopotea, ile betri kubwa uliyoipigania iliishikilia isizime.

Lakini faili la ng'ombe wa wateja wetu, linaloonyesha nani apandishwe kwa mbegu ya fahali gani, tunaliandikia sote, kila mtu kutoka meza yake. Leo asubuhi nilipotaka kurekebisha ukurasa wa Rosi, ng'ombe wa Mama Jepkosgei wa Moiben, likanikatalia. Likasema ukurasa huo unahaririwa na Wekesa. Mzee, nilitoka nje nikatembea hadi stendi, nikarudi bila kununua chochote. Mwili tumeuzika mimi nikiona, na kompyuta inasema uko kazini.

Mama Jepkosgei naye alikuwa amepiga simu tangu alfajiri. "Ng'ombe yangu iko heat, inataka kupandishwa. Mnaniletea mbegu ya bull gani?" Jina lililokuwa kwenye faili lilikuwa la fahali wa zamani. Nilikumbuka ulivyoninong'oneza juu ya Rosi kwamba tumekosea, huenda fahali huyo ndiye baba yake. Ulikuwa unasahihisha. Masahihisho yako yalikuwa kwenye kioo chako tu, hayajahifadhiwa, na ng'ombe hangojei matanga yaishe.

Mkubwa wetu, Madam Chebet, akaniambia, "Si uchomoe tu hiyo waya, Atieno? Tutafanya nini sasa?" Sikumkasirikia sana, alikuwa anamwonea huruma yule mama. Lakini nilikasirika. Kuchomoa kungefuta ulichoandika, na pengine kuliharibu faili zima na wenzetu wakiwa ndani. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba mtu hatolewi kwenye faili kwa nguvu, anaitwa atoke mwenyewe. Sasa wewe nikuite vipi?

Unakumbuka ulivyokuwa mkali kuhusu flashi? Ukimwona mtu anataka kubeba faili akaliandikie nyumbani mtaani Pioneer, unasimama mlangoni kama askari. "Kesho tutakuwa na mafaili mawili, na kila moja linadanganya kidogo." Na ukiona mtu analifungua kwa waifai ya kukatikakatika, unamletea waya wewe mwenyewe, ukiimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbovu. Nilikuwa nakucheka. Nakutania kwamba Mluhya hugombania kuku tu, kumbe hata waya. Ofisi sasa iko kimya vibaya.

Nikampigia mke wako. Nilianza kuomba msamaha kabla hata sijamwamkia. Akanikata: "Keti kwa kiti yake, mwanangu. Hiyo kazi alipenda kuliko hata sisi. Maliza."

Nikaondoa leso. Kiti chako kiko chini, magoti yalinifika karibu na kidevu. Nikagusa kipanya, kioo kikaamka, na wewe huyo. Jina la fahali mpya umeliandika lote. Chini yake, kwenye nafasi ya maelezo: "Mwenye ng'ombe aambiwe a". Basi. Umeishia hapo. Nimejaribu kukisia ulitaka aambiwe nini, nikashindwa. Sikuongeza kitu. Nimehifadhi hivyo hivyo, na ile herufi yako ya mwisho.

Kisha nikafunga. Nimekutoa kwa mkono wangu. Nikakimbilia mezani kwangu, nikafungua ukurasa wa Rosi, ukakubali. Nimempigia Mama Jepkosgei, mtaalamu ameshaondoka na mbegu iliyo sawa. Aliuliza, "Mzee Wekesa yuko?" Hakuwa amesikia. Nilimwambia mimi, Mzee. Alilia, na mimi nikalia naye kwenye simu ya ofisi.

Wakitoka wote jioni nitachukua nakala, halafu nitaligawa faili ulivyotaka siku zote. Data zitakaa kwenye kompyuta moja pale konani, na kila mtu awe na fomu zake mezani kwake. Madam amekubali. Nakuahidi pia kwamba hakuna atakayefundishwa kuingia humo kabla hajajua kutoka.

Kwaheri, Mzee wangu. Kaburini nilitupa udongo na sikuamini. Sasa hivi nimetazama tena orodha ya walio ndani ya faili. Jina lako halipo, na nimeamini.

Mimi,
Atieno